Mama Faith Alipoitazama Lenzi

Nilipokuwa narudisha funguo za kabati la kamera, Muthoni aliniomba niandike kitu kwa ajili ya nyinyi mnaobaki. Muthoni mnamjua, ndiye anayeuliza maswali katika filamu zetu nyingi. Nilimwambia kazi yangu ilikuwa kunyamaza nyuma ya kamera wakati wengine wanaongea, na sijui kama naweza kubadilisha tabia uzeeni. Akasema nijaribu. Basi najaribu. Vyeo na mishahara sitaviandika. Mkitaka huzuni ya aina hiyo, muulizeni mhasibu. Nitaandika jinsi ya kumweka mtu ndani ya picha anapohojiwa, na habari za mama mmoja wa Kawangware aliyenionyesha kwamba nilikuwa sijamaliza kujifunza.

Mimi ni mtoto wa Makina, hapa Kibera. Baba alishona kanzu na sare za shule karibu na msikiti, na nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za udongo zenye baraza mbele, walizojenga Wanubi wa zamani. Ofisi yetu hii ya filamu iliniajiri kwa sababu ilitaka mtu wa kuongea Kinubi na wazee wetu. Walitaka mkalimani, si mtu wa kamera. Mtu wa kamera alikuwa Mzee Ouma, na mgongo wa Mzee Ouma ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo siku ya kwanza nilibeba stendi ya miguu mitatu. Baadaye nikabeba kamera yenyewe, ambayo enzi hizo ilikuwa na uzito wa mtoto wa kuanza shule. Muda si mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba niliajiriwa kutafsiri.

Mzee Ouma alikuwa Mjaluo mrefu, mtu wa kanisa, asiyependa mzaha saa za kazi. Kabla ya filamu alipiga picha za harusi na za matanga hapa Kibera, na alisema matanga ndiyo yaliyomfundisha. Kwenye harusi, alisema, kila mtu anakusaidia kupata picha. Kwenye matanga hakuna anayekumbuka uko, na ni wewe unayetakiwa kukumbuka wao wako katika hali gani.

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda kwa Bi Mastura, bibi kizee wa mtaa wetu ambaye babu yake aliletwa huku akiwa askari na akakaa, na uzao wake ukabaki ukiulizwa kila miaka michache una haki gani ya kuwa hapo. Tulikuwa tunarekodi kumbukumbu za wazee kabla hawajatutoka. Nilidhani Mzee Ouma atafungua begi mara moja. Badala yake aliomba ruhusa, akaketi kwenye kiti cha Bi Mastura, akatazama mbele yake. Kisha akaniambia nami niketi pale, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mlango, njia, na watu wanaopita.

"Hicho ndicho atakachokuwa anaangalia wewe ukimwangalia yeye," akasema. "Ukimkalisha hapo atasalimia Kibera yote mpaka saa ya chakula."

Tukageuza kiti. Mlango ukawa ubavuni kwake, na mwanga ukamgusa shavu moja ukaacha lile jingine na kivuli chepesi. Nyumba nyingi za kwetu zina mlango mmoja na dirisha dogo, kwa hiyo mlango ndio taa. Mkifika nyumbani kwa mtu, tafuteni mlango kabla hamjatafuta pa kuchomeka waya.

Nyuma ya Bi Mastura nilikuwa nimepanga kawa zake za kufunikia chakula, zile za rangi kali zinazofumwa na mama zetu, nikijivunia kazi yangu. Mzee Ouma alichungulia kwenye kamera, akaniuliza kwa sauti ya chini anayehojiwa ni mama ama ni kawa. Tuliziondoa. Bi Mastura hakufurahi, akasema basi moja itakaa mapajani mwake, na ikakaa. Alipofika kwenye habari za makaburi ya wazazi wake, vidole vilikuwa vinatembea juu ya ile kawa polepole, na nikaelewa tofauti ya kitu kilichopangwa na kitu kilichoshikwa.

Mengine aliyonifundisha yalikuja kidogo kidogo, na nayaandika yalivyokuja. Kamera iwe sawa na macho ya anayeongea. Ukimpiga kutoka juu umemfanya mtoto, ukimpiga kutoka chini umemfanya chifu, na yote mawili ni uongo. Akitazama upande wa kushoto, mwachie nafasi upande huo wa picha, la sivyo ataonekana anaongea na ukuta. Usimkate shingoni wala magotini. Angalia ni nini kimeota juu ya kichwa chake: msumari, kona ya kabati, kalenda ya duka la nyama. Viti vya plastiki hulia mtu akihema, kwa hiyo tafuta kigoda cha mbao. Zima redio, zima friji, na umkumbushe mwenyewe kuiwasha mkiondoka, maana maziwa ya watu hayana kosa. Makina ujue saa za adhana, kwa sababu usipozijua utarudi ofisini umemrekodi muadhini. Na mvua ikianza kupiga mabati, funga kamera unywe chai. Hakuna mashine iliyovumbuliwa ya kushindana na mabati.

Vyombo vyangu mimi vilikuwa vichache. Leso nyeusi ya kuziba dirisha, shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni, vibanio vya nguo, na kamera, ambayo iliendelea kupungua uzito miaka ilivyokwenda mpaka zikaja hizi za kutosha mfukoni. Kamera za siku hizi zinapima mwanga zenyewe na kuutafuta uso zenyewe. Bado hazijui kama mwenye uso anataka kutafutwa.

Niliwahi kumrekodi muuguzi mstaafu katika ghorofa za Nyayo Highrise. Sebule yake ilikuwa na dirisha kubwa, na chini yake mabati ya Kibera yalitandazika mpaka macho yachoke. Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliomba tufunge pazia. Pazia lilikuwa la manjano na lilimfanya aonekane mgonjwa, kwa hiyo nikamuuliza kama tunaweza kulifungua kidogo. Akasema alizaliwa kule chini, na kila aliyewahi kumpiga picha hapo alipiga mabati. Nilifunga pazia, nikatundika shuka langu jeupe juu yake, na tukafanya mahojiano mbele ya shuka. Hayakuwa na uzuri wowote, na ndivyo alivyotaka.

Mzee Ouma alirudi kwao Siaya mgongo ulipokataa kabisa. Siku ya kumuaga hakutoa hotuba. Tulipokuwa tunakunja nyaya alisema kitu kimoja ambacho nakiandika kama alivyokisema, kwa sababu kilikuja kunishika mkono baadaye.

"Mtu akilia, Zaituni, usisogee. Kama angetaka uwe karibu angekuambia."

Sasa nifike Kawangware.

Kulikuwa na jengo la vyumba vya kupanga, nyuma ya shughuli za steji ya matatu ya Kawangware 56, ghorofa zilizoongezwa juu ya ghorofa. Lilianguka asubuhi moja ya msimu wa mvua, wakati watu wazima wengi walikuwa wameshatoka kutafuta riziki na baadhi ya watoto walikuwa bado ndani wakijitayarisha kwenda shule. Mmoja wao alikuwa Faith, msichana wa darasa la sita. Mama yake, ambaye wote tulimwita Mama Faith, aliuza chai na maandazi kwenye kibanda karibu na barabara. Alikuwa ametoka mapema kuwasha jiko, mtoto wake mdogo akiwa mgongoni. Aliusikia mshindo akiwa ameshika sufuria.

Mama Faith alikuwa Mluhya wa Vihiga, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Miezi kabla ya siku hiyo alikuwa ameona ufa kwenye ukuta wa ngazi. Alilalamika kwa mtu wa kukusanya kodi, na alipoona hakuna linalofanyika akamlalamikia mwenye nyumba mwenyewe. Kwa hiyo korti ilipoanza kuchunguza vifo vile, yeye ndiye aliyekuwa shahidi mkubwa. Ndipo simu zikaanza. Mtu asiyejitambulisha alimpigia mara kwa mara akimkumbusha kwamba bado ana mtoto mwingine. Mashahidi wengine walipigiwa vilevile, na mmoja baada ya mwingine wakasema hawatatoa ushahidi.

Wakili wa familia za waliokufa, mama mmoja mvumilivu, alituomba turekodi maneno ya mashahidi kwenye filamu bila kuonyesha nyuso, halafu yeye amwombe hakimu aitazame. Ndiyo kazi tuliyopewa mimi na Muthoni, na tulianza na Mama Faith.

Mama Faith alikuwa amehamia chumba kimoja nyuma ya safu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Tulipofika, mafundi walikuwa wanakata mageti, na kelele ile inaingia kwenye maikrofoni hata ukifunga mlango. Nikatoka kwenda kuomba kimya. Kuomba kimya ni sehemu ya kazi hii ambayo hakuna anayeifundisha, na majibu yake mengi hayaandikiki. Nilimwendea fundi wa kwanza, mwanamume mnene mwenye miwani myeusi, nikamwambia kuna mtu anataka kuongea habari za lile jengo, na sikumtaja. Fundi akainua miwani, akautazama mlango wa Mama Faith, akazima mashine. Kisha akaenda kwa jirani yake, na jirani akaenda kwa mwingine. Safu nzima ikanyamaza. Wengine waliketi juu ya vyuma vyao na kuvua kofia. Sijawahi kusikia Kawangware mchana ikiwa hivyo, na nilisimama pale kidogo kabla ya kurudi ndani.

Kumficha mtu kwenye picha ni kazi ya subira. Nilimketisha mgongo kwa dirisha, nikapima mwanga wa nje, na uso wake ukazama gizani ukabaki umbo tu. Niliondoa kalenda ukutani. Nilimwomba avue kitambaa chake cha kichwa chenye maua, kwa sababu watu hutambua kitambaa kabla ya uso, nikampa changu. Nilizungushia dirisha leso ili nguzo ya umeme ya nje isionekane, maana aliyezoea mtaa angeweza kuijua. Muthoni akaketi kando ya kamera, akauliza maswali yake taratibu, na Mama Faith akajibu. Baada ya kama nusu ya mahojiano aliinua mkono na kuomba aone.

Niligeuza kijiskrini cha kamera upande wake. Alijitazama kwa muda mrefu. Mle ndani kulikuwa na kichwa cheusi na mabega meusi, na nyuma yake mwanga mweupe.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Muthoni akamwambia kwa upole kwamba ni yeye, na kwamba hakuna mtu atakayemjua.

"Wezi ndio huwekwa hivi kwa televisheni," Mama Faith akasema. "Wale wananipigia simu, wananijua. Hao mafundi hapo nje wananijua. Sasa mnanificha nani?"

Muthoni alimpigia wakili, na wakili akasema tusirekodi tena siku hiyo, Mama Faith apewe muda wa kufikiria, na asiamue peke yake. Tukakunja vyombo. Nilipotoka nilimwashiria yule fundi kwamba tumemaliza, lakini mashine haikuwashwa mpaka tulipofika barabarani.

Wiki iliyofuata tulirudi, safari hii pamoja na wakili. Mama Faith alikuwa ameongea na kaka yake na wanawake wa kanisa lake. Mtoto mdogo alikuwa amepelekwa Vihiga kwa nyanya yake. Yeye mwenyewe angehamia kwa dada yake Kibera mara tu filamu ikimalizika. Wakili alimweleza kila kitu kinachoweza kumpata uso wake ukionekana, bila kupunguza makali, na mimi niliyekuwa nasikiliza nilitamani akatae. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameelewa, na akaniomba nifute ile picha ya giza. Nikaifuta mbele yake.

Muthoni alikuwa amependekeza picha ya Faith ya shuleni iwekwe mezani karibu naye, au sweta yake, ili watazamaji wamwone mtoto. Ni jambo ambalo tumelifanya mara nyingi, na si baya. Mama Faith alikuwa ametoa sweta, imekunjwa, lakini alipoiona kwenye meza ndani ya fremu aliichukua na kuirudisha ndani ya sanduku.

"Wataangalia sweta," akasema. "Wataniambia pole. Mimi sitaki pole, mimi ndiye niliona ufa."

Kwa hiyo nyuma yake palibaki ukuta wa mabati uliopakwa rangi ya buluu, basi. Kitambaa chake cha maua kilirudi kichwani. Niliweka kamera sawa na macho yake, mlango ubavuni, mikono yake ikiwa ndani ya picha kwa sababu ni mtu anayeongea na mikono. Nikamwambia, kama nilivyowaambia watu wote kwa miaka yote, amtazame Muthoni anayeuliza, asiitazame kamera.

Akaniuliza kama mwenye nyumba ataiona hii filamu. Wakili akamjibu kwamba ataiona, atakuwa ameketi kortini. Akauliza tena, safari hii akinielekea mimi, mtu akitazama pale kwenye kioo cha kamera, anayeangalia filamu anaona nini. Nikamwambia ataona kama anatazamwa yeye.

"Basi nitatazama hapo," akasema.

Kuitazama lenzi si rahisi. Ni shimo jeusi lisilotikisa kichwa, na watu wengi hukauka maneno mbele yake. Muthoni alisogea nyuma yangu. Mimi nilisimama, nikainama mpaka uso wangu ukawa juu kidogo tu ya lenzi, ili awe na macho ya kuongea nayo. Nilimwachia nafasi kubwa kuzunguka kichwa asije akatoka ndani ya picha akiinama, kwa sababu nilijua sitaweza kuangalia skrini tena. Tangu niliposhika kamera sikuwahi kurekodi mahojiano bila kuona ninachorekodi. Muthoni akauliza swali moja tu, kwamba alimwambia nini mwenye nyumba. Hakuhitaji kuuliza lingine.

"Nilikuja mpaka kwa gari yako," Mama Faith akasema. "Ulishusha kioo kidogo. Nilikuambia ukuta wa ngazi umepasuka, mkono wangu unaingia ndani. Ulisema utatuma fundi. Fundi alikuja na sementi kwa karai, akapaka, akaenda. Ukiangalia kwa nje ilikuwa imekuwa sawa.

"Faith aliogopa hiyo ngazi. Alikuwa anashuka ameshika ukuta. Nilimwambia wacha kuogopa, imetengenezwa. Alikuwa ananiamini, akaacha kushika. Nilimwambia hivyo kwa sababu wewe uliniambia hivyo."

Alisema hayo akinitazama mimi machoni. Nilijua si mimi anayemwambia. Lakini macho hayajui hivyo, na mwili wangu ulitaka kumjibu, ulitaka kusema nisamehe. Sikuwa na ruhusa ya kukunja uso wala kutikisa kichwa, kwa sababu kila nitakachofanya kingebadilisha atakachosema. Nikakaa nikipokea.

Kisha akalia. Hakufunika uso. Nyuma yangu Muthoni alinigusa bega, na nikajua anafikiria nisogeze picha karibu, maana ndivyo filamu nyingi zinavyofanya machozi yakianza. Nilitikisa mkono chini ambapo Mama Faith hakuona. Sikugusa kitu. Kamera ilibaki pale ilipokuwa, kwa umbali wa mtu mnayeketi naye meza moja. Alilia, akajifuta kwa kiganja, akaona hakuna aliyemkatiza, akaendelea. Alitaja vyumba vilivyokuwa na nyufa, mlango kwa mlango. Alitaja majina ya watoto. Alipomaliza aliendelea kuitazama lenzi, na niliiacha kamera iendelee mpaka alipogeuza macho mwenyewe.

Tulipoirudia picha, ilikuwa na kasoro. Alikuwa ameegemea upande mmoja, na juu ya kichwa kulikuwa na ukuta mwingi kuliko inavyotakiwa. Ningeweza kuikata vizuri ofisini, na nikasema hivyo. Muthoni akasema iachwe. Nikaiacha.

Siku ya korti nilikwenda bila kamera, kwa sababu haziruhusiwi. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya meza pembeni. Mwenye nyumba aliketi safu ya mbele na mawakili wake, mwanamume wa makamo, nadhifu, wa kawaida kabisa. Ungekutana naye dukani ungempisha. Mama Faith alikuwa benchi la nyuma karibu nami na wanawake wengine wa lile jengo. Filamu ikaanza. Mwenye nyumba aliinua macho kama watu wengine, na akakuta anatazamwa. Niliona mgongo wake ukinyooka. Akatazama hakimu, akatazama dari, akarudi kwenye skrini, na bado alikuwa anatazamwa. Mwisho aliinamia mikono yake na hakuinuka tena.

Ilipomalizika wakili wake alisimama. Alisema, kwa adabu, kwamba mteja wake hawezi kushtakiwa na televisheni. Mtu aliye kwenye filamu hawezi kuulizwa maswali, na shahidi asiyeweza kuulizwa maswali si shahidi. Hakimu alikuwa anaandika.

"Mimi naweza kuulizwa," Mama Faith akasema.

Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu aligeuka. Hakimu akaacha kuandika, akauliza ni nani aliyesema. Mama Faith akasimama akataja jina lake, jina kamili ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulisikia. Hakimu akamuuliza kama anajua halazimishwi. Akasema anajua. Akapita kati ya mabenchi mpaka mbele, akashika Biblia, akaapa, na wakamuuliza maswali asubuhi ile mpaka mapumziko ya mchana na baada ya mapumziko tena. Walimuuliza kama ana ujuzi wa ujenzi. Akasema hana, ana mkono, na mkono uliingia. Walimuuliza kwa nini hakuhama kama aliogopa. Akasema aliambiwa imetengenezwa. Kila swali alilijibu akimtazama aliyeuliza, na baada ya kujibu aligeuza macho kwa mwenye nyumba, kisha akasubiri swali lingine.

Kabla korti haijafungwa siku hiyo, wanawake waliokuwa kwenye benchi letu walimwendea wakili wa familia kwenye ujia. Sikusikia yote waliyosema. Nilisikia mmoja, aliyempoteza mume katika jengo lile, akiuliza yeye atasimama lini kutoa ushahidi.

Uchunguzi ulimalizika kwa hakimu kuagiza mwenye nyumba ashtakiwe. Kesi ilifunguliwa, na mpaka leo ninapoandika haijaamuliwa. Imeahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya uhamisho wa hakimu, na mara moja kwa sababu korti haikuwa na umeme. Simu za vitisho zilikoma, hatujui kwa nini. Mama Faith bado anaishi kwa dada yake Kibera, anauza chai chini ya ukuta wa Highrise, na mtoto wake mdogo amerudi kutoka Vihiga na ameanza shule. Jengo la Kawangware liliondolewa kifusi. Kiwanja kimezungushwa mabati, na upande wa ndani nyasi zimeota.

Muthoni na wenzake ndio watakaoendelea kurekodi, na mtafanya vizuri kuliko mimi, mna vyombo vizuri na migongo mizima. Mimi sasa nina nafasi ya kwenda mahali bila kubeba kitu. Kila kesi ikitajwa, nampitia Mama Faith kwenye kibanda chake, anafunika jiko, tunakwenda. Tunaketi benchi moja. Karani akianza kusoma majina ya marehemu, yeye husimama, ingawa hakuna anayemwambia asimame, na hukaa baada ya jina la mwisho. Siku hizi benchi zima husimama naye.